Fyekeo la Bibi Mwantumu

Hapo zamani, na mwaka msiniulize kwa sababu siku hizo nilikuwa bado sijaanza kuongopa, palikuwa na kijiji mlimani kiitwacho Kwemzinga. Si zamani ile ya wanyama kusema. Ni zamani ya juzijuzi: saruji ilikuwa imekwisha kufika, na watu walikuwa wameipenda.

Katika kijiji hicho aliishi Bibi Mwantumu, mjane asiye na mtoto, mwenye nyumba ya vyumba viwili na uwanja wa ukoka. Ukoka mnaujua, zile nyasi fupi zinazotambaa. Aliupanda marehemu mumewe, kipandikizi kwa kipandikizi, mwaka waliooana. Kijiji kizima kiliutumia. Harusi zilichezwa pale, matanga yalikaliwa pale, watoto walijifunza kutembea pale maana hata ukianguka huumii. Na kila asubuhi Bibi mwenyewe aliuzunguka pekupeku, akisema miguu yake inamsalimia mumewe.

Mwaka mmoja, vuli ikimalizika, Bibi alifanya kosa. Aliona ukoka umepauka kidogo, akanunua mbolea ya dukani, ile nyeupe ya chengachenga. Muuzaji alimwambia: kiganja kimoja kwa eneo la mkeka mmoja. Lakini Bibi alikuwa mwanamke aliyepakulia wageni maisha yake yote. Kiganja kimoja aliona ni ubahili. Akamwaga gunia. Akalimwaga saa sita mchana, jua la utosi, bila tone la maji.

Simcheki. Mimi nimeua nyasi katika nchi nne, na katika nchi moja walinilipa ili nisiendelee.

Baada ya siku tano uwanja ulikuwa na rangi ya chapati iliyosahauliwa jikoni. Kilibaki kipande kimoja kibichi chini ya mparachichi, ukubwa wa mikeka mitatu.

Ndipo akatokea Twaha, mtoto wa kaka yake, mwenye malori mawili na futi kamba isiyomtoka mfukoni.

“Shangazi, pole. Hii imekufa. Nimwage saruji, malori yangu yapate pa kulala?”

“Umwage saruji juu ya mume wangu?”

“Kwani kazikwa hapa?”

“Hakuzikwa hapa. Ndiyo maana hapa bado yupo.”

Wakapelekana kwa jumbe. Pale Kwemzinga mji haurithiwi kwa karatasi, unarithiwa kwa mpini: mwenye mji akikukabidhi fyekeo lake mbele ya watu, nyumba na uwanja ni vyako siku atakapofumba macho. Bibi akasema: “Nipeni mwaka, vuli hadi vuli. Dawa ya dukani haitakanyaga tena hapa, naapa. Ukoka ukirudi, fyekeo nampa aliyeurudisha, na yeye ataulinda nikiondoka. Usiporudi, Twaha amwage.”

Twaha akakubali upesi mno. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi tu: “Lakini awe mmoja. Shangazi amtaje siku wingu la kwanza la vuli litakapokuja, kabla tone halijagusa ardhi. Akishindwa kumtaja mmoja, namwaga.”

Jumbe akasema sawa. Bibi akasema sawa. Aliona kumtaja mtu mmoja ni kazi ndogo.

Magoti yake hayakuruhusu kuinama, na mkono wake alikuwa ameanza kuuogopa. “Mkono huu ni wa gunia,” alisema. Basi akawatafuta majirani.

Kikaja kiangazi, akamwita Kibwana. Kibwana alikuwa mwanamume mwema sana akiwa amelala, na alikuwa mwema muda mwingi.

Sasa, wanawake wa Kwemzinga hufagia uwanja mpaka ardhi ing'ae; ukionekana na jani moja mlangoni, utasemwa hadi kisimani. Kwa hiyo Bibi alimwambia: “Kile kipande kilichobaki, kila Ijumaa ukikate mpaka kwenye ngozi, ufagie, uchome taka.”

“Inshallah,” akasema Kibwana. Akaliweka fyekeo lake mwenyewe chini ya mkeka, akalala juu ya mkeka.

Ijumaa ya kwanza: “Kibwana, umekata?” “Nalinoa, Bibi.”

Ijumaa ya pili: “Umekata?” “Nalinoa, Bibi.”

Ijumaa ya tatu: “Hilo fyekeo unalinoa au unalichonga upya?” “Bibi, kazi nzuri haitaki haraka.”

Jua likawaka. Majirani walikata ukoka wao mpaka ngozini, wakafagia, wakachoma. Ukoka wao ukaungua mpaka mizizini. Ule wa Bibi uliachwa mrefu kama nywele za mtu aliyemsusa kinyozi. Ukajitilia kivuli wenyewe. Majani ya mparachichi yakaanguka, hayakufagiwa, yakawa blanketi. Umande uliingia chini ya blanketi na haukutoka. Nyungunyungu wakahamia. Na kile kipande cha mikeka mitatu, kiangazi kilipokwisha, kilikuwa cha mikeka mitano.

Twaha akaja na futi kamba, akapima, akauliza: “Shangazi, nimwage?”

“Mwaka haujaisha.”

Zikaja mvua za masika, akamwita Mishi. Mishi alikuwa na mikono ya kuchimba na macho ya kuona vya watu. Huyo hakulala. Alilishika jembe uma, akautoboatoboa uwanja wote ulioungua, udongo ukapata pumzi, mvua ikaosha ule uchungu wa gunia. Akabeba samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, isiyonuka, ndoo kwa ndoo mpaka mgongo ukakataa. Kisha akapanda vipandikizi vya ukoka, kimoja kila shubiri, uwanja mzima, mvua ikimpiga.

“Mishi mwanangu, vipandikizi vyote hivi umetoa wapi?” akauliza Bibi. Kipande cha mikeka mitano hakitoshi kuuvika uwanja.

“Mungu ni mwingi wa baraka, Bibi.”

Na kweli Mungu ana baraka, ila baraka hizi zilitoka uwanjani kwa jumbe. Kila siku ya gulio Mishi alipita pale na kapu, na kila alipotoka kapu lilikuwa na kisamvu juu na ukoka chini. Jumbe akaona uwanja wake unapata kipara. Akafikiri, akachunguza, akamhukumu mbuzi wake. Mbuzi akafungwa kamba miezi mitatu, anatazama nyasi kwa mbali, hana hata wa kumlilia.

Twaha akaja, akapima, akauliza: “Shangazi, nimwage?” Safari hii hakuuliza kwa sauti kubwa.

“Mwaka haujaisha.”

Kikaja kipupwe, ukungu na baridi, akamwita Ngoda mfuga bata. Kazi yake ilikuwa moja. “Ngoda, ukoka bado mchanga. Funga lango. Asiingie mnyama, asiingie ndege. Hao bata wako kumi na wanne wakae huko huko.”

“Bibi, mimi na lango hili ni kitu kimoja.”

Siku ya nne akapita mama mmoja mjane akiuza maandazi. Ngoda akanunua moja. Akaenda kumsifu. Akamsindikiza kumsifu zaidi. Akarudi baada ya siku tatu, ameshiba, na lango lilikuwa wazi kama alivyoliacha.

Bata walikuwa ndani. Wote kumi na wanne, wamenenepa, wanatembea kama maharusi.

Lakini sikilizeni. Wiki ile ile viwavi walikuwa wamevamia Kwemzinga. Walikula viwanja vyote, wakaacha mabua. Waliingia na kwa Bibi, wakakutana na bata. Viwavi hawakutoka. Na bata, kwa adabu zao, waliacha mbolea kila walipopita. Ngoda akawatoa kimyakimya, akafunga lango, akasimama mbele yake kama askari.

Twaha akaja na futi kamba. Akatazama. Hakupima. Akauliza: “Nimwage?” Akajijibu mwenyewe: “Najua. Mwaka haujaisha.” Akaondoka anatabasamu, na tabasamu hilo lilimtia Bibi wasiwasi kuliko futi kamba.

Wingu la kwanza la vuli likaonekana mlimani asubuhi ya Jumatatu. Kijiji kizima kikaja. Jumbe akavua viatu, akakanyaga, akafumba macho. Ukoka ulikuwa mzito, laini, kijani cha kutia njaa. Bibi aliuzunguka pekupeku, mzunguko mmoja, watu wakimpisha. Alipomaliza alikuwa anafuta macho.

Twaha alikuwa amesimama langoni, na nyuma yake lori la saruji linanguruma.

“Hongera, shangazi. Haya, mtaje. Mmoja.”

Kibwana akainuka, jambo lililowashangaza wengi. “Ni mimi. Kiangazi kiliua viwanja vya majirani, huu hakikuuua. Bila mimi kile kipande, mama yake ukoka huu, kingekufa, na Mishi angepanda nini, hewa?”

“Wewe?” akasema Ngoda. “Fyekeo nililikuta chini ya mkeka wako limeota kutu! Hukuokoa ukoka, ulilala. Ungetumwa kuzima moto ungelala vilevile!”

“Nimelala,” akasema Kibwana. “Lakini nimelala vizuri. Wenzangu waliofanya kazi, viwanja vyao viko wapi?”

Mishi akajitokeza, akanyoosha viganja vyake, vina sugu kama kwato. “Huyu aliacha mikeka mitano. Uwanja ni mikeka sitini. Hiyo hamsini na tano kaipanda nani? Mgongo wangu hadi leo unauliza.”

“Na kapu lako je?” akasema Kibwana. “Mtu aliyelala chini, dada yangu, anaona chini ya kisamvu. Kila gulio, kutoka kwa jumbe.”

Jumbe akageuka taratibu. “Kapu? Kutoka kwangu?” Kisha akashika kichwa. “Mbuzi wangu! Miezi mitatu!”

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, juu ya ukoka wenyewe.

“Nimeiba,” akasema Mishi, na yeye hakucheka. “Lakini sikuiba kwa ajili yangu. Na ukoka wa jumbe umeota tena. Mimi nilichukua ncha tu, mizizi nikamwachia.”

Ngoda akakohoa. “Mlale mnavyolala, mpande mnavyopanda. Viwavi walikuja. Walikula kwa jumbe, walikula msikitini, walikula kila mahali. Hapa hawakula. Bata ni wa nani? Ni wangu. Wamelelewa na nani? Na mimi.”

“Na waliingiaje?” akauliza Mishi. “Mimi niliwaona. Niliwaona bata, niliona lango, wewe sikukuona. Bibi alikwambia asiingie ndege. Ulikuwa wapi, Ngoda?”

“Nilikuwa... kwenye maandazi.”

“Siku tatu?”

“Yalikuwa matamu.”

Kutoka nyuma sauti ya yule mama wa maandazi ikasema, “Asante,” na watu wakaanza kucheka upya.

Bibi Mwantumu hakucheka. Alikuwa ameshika fyekeo lake kwa mikono miwili. “Mvivu,” akasema. “Mwizi. Mzembe. Mmoja hakufanya nilichomwambia. Mmoja alifanya zaidi ya nilichomwambia. Mmoja alifanya kinyume na nilichomwambia. Na mimi, niliyewaambia, ndiye niliyemwaga gunia.”

“Wape wote watatu!” mtu akapiga kelele.

“Mmoja,” akasema Twaha. “Jumbe shahidi.”

Jumbe akainamisha kichwa. “Tulisema mmoja.”

Wingu likashuka mlimani. Upepo ukageuza majani ya mparachichi. Ndipo Bibi alipoelewa lile tabasamu la kipupwe: Twaha hakuwahi kutegemea ukoka ufe. Alitegemea upone kwa mikono mingi.

Hadithi hii nimeibeba safari nyingi kuliko koti langu. Kigoma waliniambia apewe Mishi, jasho lisamehe kapu. Lamu wakasema haiwezekani, mji haujengwi kwa kitu cha wizi. Apewe Ngoda, kwani yeye kosa lake lilimdhuru nani, zaidi ya viwavi? Iringa walibishana mpaka chai ikapoa na mwenye mkahawa akatufukuza. Bibi mmoja wa Tabora aliniuliza, “Na bata je?” na hadi leo sijapata jibu. Nyumbani nilisema mimi nampa Kibwana, maana ndiye peke yake aliyeuachia ukoka ujue mambo yake. Mke wangu akasema hashangai hata kidogo, akafungua dirisha, akanionyesha uwanja wetu.

Basi msinitazame mimi. Mtazameni Bibi. Ameinua fyekeo, mpini umeelekea watu. Kibwana amenyoosha mkono, Mishi amenyoosha mkono, Ngoda amenyoosha mkono. Langoni lori limeanza kuingia kinyumenyume, na Twaha anaita, “Shangazi, nimwage?”, na kwa mara ya kwanza Bibi hawezi kumwambia kwamba mwaka haujaisha.

Aliyeuacha, aliyeupanda, aliyeuachia bata: je, nani alistahili? Semeni upesi. Tone la kwanza limekwisha kuliacha wingu.