Gombo la Pimbi na Zamu ya Swala

Paukwa.

"Pakawa."

Hao wa nyuma wameitikia na midomo imejaa. Mezeni kwanza. Paukwa.

"Pakawa."

Sasa ndiyo. Na nyinyi mnaojifunza kutunga programu za kompyuta, sogeeni mbele. Hadithi ni ya wote, ila nyinyi itawauma zaidi.

Zamani za kale sana, wanyama walipokuwa na ofisi zao, ukame uliingia katika bonde moja. Mto ukakauka. Visima vikakauka. Likabaki dimbwi. Wanyama wakalikimbilia, tititi, tititi, huyu kamkanyaga yule, yule kamkanyaga huyu. Jioni ikifika, waliokunywa ni wenye vifua vipana tu.

Karani Mkuu wa Dimbwi alikuwa Kiboko. Aliishi humohumo majini, ili awe karibu na kazi. Akaitisha mkutano wa kupanga utaratibu wa kunywa. Akaja Pimbi peke yake, kamnyama kadogo ka mawe, naye alikuja kwa sababu jiwe lake la kuotea jua lilikuwa jirani.

"Akidi imetimia," akasema Kiboko. "Nani atatunga utaratibu?"

Pimbi akatazama kushoto. Akatazama kulia.

"Umepita bila kupingwa," akasema Kiboko. "Hongera."

Njiani Pimbi akakutana na Swala, tumbo limemjaa, anatembea taratibu.

"Ndugu Pimbi, najifungua wiki hii. Nisipokunywa sitakuwa na maziwa. Huo utaratibu wako utanikumbuka?"

"Mama, wewe nakuandika mstari wa kwanza."

Pimbi hajawahi kutunga utaratibu maishani mwake. Akakata majani ya mgomba, akayashona, akaandika. Hakumuuliza mtu. Wanyama anawaona kila siku kutoka juu ya jiwe, aulize nini? Akaandika: akija Swala mwenye mimba, ainamishe shingo, anywe. Akija Twiga, atanue miguu ya mbele, ainamishe shingo, anywe. Akija Tembo, ashushe mkonga, avute, amimine kinywani, anywe. Akaandika, akaandika, upande huu wa jani na upande ule, mpaka gombo likawa refu kama chatu wawili.

Kiboko akalipiga muhuri mara tatu bila kulisoma. Kasuku akapewa kazi ya kulisoma kwa sauti.

Siku ya kwanza mambo yakaenda. Siku ya pili Twiga akachomwa na mwiba, miguu haitanuki. Pimbi akafuta "atanue miguu", akaandika "apige magoti". Lakini jani ni jembamba. Alipofuta, yakafutika na maneno ya Tembo yaliyokuwa upande wa pili, na alipoandika, maneno mapya yakapenya hapo. Kasuku akageuza jani, akasoma alichokiona: "Akija Tembo, apige magoti." Tembo ni mnyama mtiifu. Akapiga magoti matopeni. Puu. Wakahitajika nyati kumi na wawili kumwinua.

Siku ya tatu Swala akajifungua. Siku ya nne akaja dimbwini, ndama wake nyuma, anayumba.

Kasuku akafungua gombo. "Mstari wa kwanza. Swala mwenye mimba." Akamtazama tumbo. "Wewe huna mimba."

"Nimejifungua jana."

"Hongera. Lakini hapa anatakiwa mwenye mimba."

"Ni mimi huyohuyo."

"Huyohuyo alikuwa na mimba."

Swala akamgeukia Kiboko. Kiboko akatoa pua majini. "Mama, ofisi inakuelewa kabisa. Ukipata mimba nyingine, njoo."

Pimbi aliposikia akaja mbio. Akashona jani jingine mwishoni mwa gombo: akija Swala asiye na mimba, anywe. Kesho yake Kasuku akaanza kusoma tangu juu, maana utaratibu ni utaratibu. Akasoma Twiga. Akasoma Tembo. Akasoma Njiwa, Ngiri, Nungunungu na miiba yake. Jua likatua hajafika jani la mwisho. Dimbwi likafungwa.

Ndama alinyonya, akapata matone mawili. Akataka kusimama, miguu ikakataa.

"Ndugu Pimbi," akasema Swala polepole, "si uliniandika wa kwanza?"

Heri angemtukana. Pimbi akaondoka, akaenda kuketi juu ya kichuguu kidogo cha udongo. Kichuguu kikatikisika.

"Umeketi mlangoni kwangu," ikasema sauti. Alikuwa Bi Fuko, mchimbaji wa vyumba vya chini, asiyeona mchana wala usiku.

Pimbi akamweleza yote, tangu mkutano mpaka matone mawili. Bi Fuko akacheka mpaka udongo ukamwingia puani.

"Uliwauliza wenyewe?"

"Nawaona kila siku."

"Hiyo ndiyo shida ya wenye macho. Mimi sioni, kwa hiyo nauliza. Haya, bwana mdogo, katika jambo hili wamo akina nani?"

"Twiga, Tembo, Njiwa, Ngiri..."

"Sikukuuliza majina. Aina."

Pimbi akafikiri. "Kuna mnywaji. Kuna dimbwi. Kuna zamu."

Bi Fuko akakwaruza ardhi kwa ukucha, kwaru, kwaru, vyumba vitatu. "Chumba cha mnywaji kina nini ndani?"

"Shingo yake. Mguu wake. Mimba yake, kama anayo."

"Na anayejua jinsi Twiga anavyokunywa ni nani?"

"Mimi niliandika kwamba..."

"Nani anajua?"

"Twiga."

"Basi unamwandikia nini? Bisha mlangoni, mwambie kunywa. Twiga atainama, Tembo atavuta, Njiwa atadonoa. Neno ni moja, kila mmoja kwa namna yake. Akizaa, akichomwa na mwiba, hayo ya chumbani kwake, wala hayatikisi chumba cha jirani. Dimbwi lijue nafasi zake. Zamu ijue anayefuata. Na usiandike kitu mpaka umeuliza."

Alfajiri Pimbi akaanza kuuliza. Akamuuliza Twiga. Akamuuliza Njiwa. Akamuuliza Tembo, kwa mbali kidogo. Akamuuliza Kasuku, "Dimbwini kuna nafasi ngapi?"

"Tatu."

"Dimbwi lote hili?"

"Palipobaki pana Karani Mkuu."

Pimbi akaenda ukingoni. "Mheshimiwa, nachora vyumba. Kazi yako ni ipi?"

"Nasimamia."

"Unasimamia nini?"

"Usimamizi."

"Na unajua nini wasichokijua wengine?"

Kiboko akafikiri mpaka mapovu yakatoka. "Hiyo ni siri ya ofisi."

Pimbi akarudi kwa Bi Fuko na mchoro. Zamu inabisha kwa dimbwi, kuna nafasi? Ikiwapo, inabisha kwa mnywaji, kunywa. Chumba cha Kiboko hakikufikiwa na mstari hata mmoja.

"Kina nini ndani?" akauliza Bi Fuko.

"Hakina kitu."

"Basi kichore kikubwa," akasema Bi Fuko, "na ukichore mbali."

Pimbi akaenda kwenye shimo la matope nyuma ya majabali. Akachora chumba kipana, akakizungushia mawe, akaweka muhuri katikati. Kiboko akaja kuchungulia, kashingo kake kakanyooka.

"Mbona changu kinavipita vyote?"

"Ni cha Karani Mkuu, Mheshimiwa."

Kiboko akahama siku hiyohiyo. Chwaaa. Akazama matopeni, akakienea chumba chake. Dimbwini nafasi tatu zikawa kumi.

Lile gombo, Tembo alilila, tena kwa furaha. Kasuku akabaki na jani moja dogo mkononi: anayefuata, nafasi ikiwapo, anywe.

"Anayefuata," akaita.

Swala akasogea. Kasuku, kwa mazoea, akamtazama tumbo.

"Umeandikiwa umwangalie tumbo?" akauliza Pimbi.

Kasuku akasoma lile jani. Akaligeuza nyuma. "Hapana."

"Basi."

Swala akanywa. Akanywa, akanywa. Jioni ndama akanyonya mpaka povu likamtoka mdomoni. Asubuhi akasimama, akapiga hatua yake ya kwanza bila kuyumba, akamkanyaga Pimbi.

Baada ya wiki akaja mnyama wa bonde la mbali, hakuna aliyemjua jina. Pimbi alikuwa juu ya jiwe lake, hakunyanyuka.

"Unajua kunywa?"

"Najua."

"Ingia zamu."

Funzo lake ni hili, na wa nyuma pia msikie. Kabla hujaandika amri hata moja, uliza wamo akina nani, kila mmoja ana nini, anajua nini, anafanya nini. Kisha kila mmoja mwachie lake. Na ukimkuta asiye na lake, mchoree chumba kikubwa, mbali na maji.

Kiboko yupo matopeni hadi leo, anapiga muhuri. Mimi nilipita hapo, naye akaipigia hadithi yangu muhuri mara tatu bila kuisikiliza, na hapo ndipo ilipoishia.