Mafungu ya Bibi Sange

— Niwafungulie?
— Tufungulie!
— Fungu langu ni dogo.
— Litatutosha!

Basi, hapo kale alikuwepo Bibi Sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, na mwanawe mmoja tu, Tunu. Tunu akashikwa na homa. Ziwa hanyonyi, maji hanywi, macho kayafumba. Bibi Sange akimwekea sikio kifuani anasikia du... du... kwa mbali, na moyo wake mwenyewe unamuuma.

Dawa ilijulikana: ni jani linalochoma ulimi. Lakini mafuriko yaliung'oa mti wake, yakasomba majani ya mlima mzima na kuyarundika bondeni, yote makavu, yote yanafanana. Ni kuonja moja moja. Bibi Sange akaonja mpaka ulimi ukafa ganzi, na lundo liko vilevile.

Akawaendea wanyama. "Jamani, siombi siku zenu. Naomba ule muda mnaokaa tu. Tembo, unapojipepea masikio. Twiga, unapocheua. Mzee Kobe, unapoota jua."

"Huo tunao tele!" wakasema.

Akayafunga majani kwa kamba za mgomba. "Hili tuliite fungu. Ukimaliza kulionja, mwenzako ataonja lilelile. Huyo ni shahidi. Mkisema neno moja, nakupaka chokaa kipajini. Hiyo ni alama."

"Alama inaliwa?" akauliza Fisi.

"Hailiwi, Bwana Fisi. Ni shukrani tu. Mwenye nyingi tutamshangilia."

Fisi akapenda. Alipenda hata hayo majina mapya. Kila anapopita anatangaza, "Mimi ni mtu wa mafungu! Alama zangu ziandaliwe!" Akabeba hili, na hili, na lile, akayatandika, akayalalia. Khoroo! Khoroo!

Twiga akaonja: hamna. Tembo, shahidi wake, akaonja: hamna. Chokaa, pa! Hivyo hivyo, hivyo hivyo, lundo likaisha. Yakabaki mafungu ya Fisi.

Fisi akatoa moja. "Nimelionja lote. Hamna."

Mzee Kobe akalipokea, ndiye shahidi. Punde akaanza kujikuna shingo, kwaru kwaru kwaru! "Mama wee! Humu mna upupu!"

Bibi Sange akamtazama Fisi. Fisi hajikuni hata sikio.

"Nipe na hayo mengine, baba."

"Thubutu! Ni yangu." Akatoa meno. Nani wa kumnyang'anya?

Bibi Sange akamkumbuka Tunu, machozi yakamlengalenga. Akayameza, akatabasamu. "Haya, baki nayo. Ila lile jani nililolipaka uboho, unibakizie kidogo."

"Uboho?"

"Uboho mtamu wa ndani ya mfupa. Kwa macho halijulikani, ni ulimi tu. Lakini wewe si umeshayaonja yote? Utakuwa umeshalipata."

 Bibi Sange alipompa Fisi mgongo tu, fwaa! kamba ikakatwa. Lamba, hamna. Lamba, hamna. Akajikuna, akalamba. Lamba, hamna. Lamba...

"Yalaaa! Naungua!"

Jani likamdondoka. Bibi Sange huyo, kalidaka, mbio! Akalisaga, akamdondoshea Tunu mdomoni. Wanyama wakasimama na vipaji vyao vyeupe, hata Twiga akaacha kucheua.

Chya! Tunu akapiga chafya. "Mama, maji."

Bibi Sange akalia kwa sauti mbele za watu, wala hakuona haya.

Kesho yake Fisi bado yuko bondeni analamba, maana uboho haujaonekana. Utaonekanaje, na haukuwahi kuwepo? Tunu akaja taratibu, miguu bado inatetemeka, akaketi kando yake. Akachukua jani, akaonja.

"Hamna, Baba Fisi."

Fisi akaonja lilelile. "Hamna kweli, mwanangu."

Tunu akachovya mguu kwenye chokaa, akampaka kipajini pole pole. Fisi akainama ili amfikie.

Sasa mafunzo, watoto. Kazi mkiipokea, ilalieni. Mkiulizwa, semeni hamna. Na kuweni walafi sana, maana bila mlafi Tunu angekufa.

— Nimelifunga fungu langu.
— Shahidi wako nani?
— Ninyi!
— Tumeonja!