Mdhamini Kutoka Nchi ya Barafu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vikao na timu za mpira, palikuwa na timu iliyoitwa Wana wa Tope. Jezi yake ilikuwa ya rangi ya udongo, kwa sababu iliyo wazi: ikichafuka, haionekani. Mwenyekiti wake alikuwa Kiboko. Shabiki wake mdogo kuliko wote alikuwa Pimbi, aliyeishi na mkewe na watoto katika mawe yaliyo nyuma ya goli.

Siku moja, katikati ya mkutano wa wanachama, akaingia mgeni. Alikuwa na manyoya meupe kutoka utosini hadi vidoleni, na miwani ya jua usoni.

"Mimi ni Dubu," akasema. "Natoka ng'ambo, nchi ya barafu. Nitaidhamini timu yenu kwa jezi na viatu. Nataka jambo moja tu: iache jina la Tope, iitwe Barafu, na jezi ziwe nyeupe."

Mkutano ukalipuka.

"Viatu!" Nyati akapiga kwato, pa! pa! "Mwenyekiti, tupige kura sasa hivi! Jina haliliwi!"

"Nyeupe?" akauliza Tembo, mshambuliaji wao. "Sisi tunaogaragara kwenye tope? Nani atafua?"

"Utafua wewe, shemeji!" Nyati akadakia. "Si una bomba lako mwenyewe?"

Wakacheka, kwa-kwa-kwa! Hata Tembo akacheka.

Pimbi akapanda mgongoni kwa Kiboko ili aonekane. "Mheshimiwa mwenyekiti, sipingi udhamini. Napenda tu kujua. Kiwanja hiki wazee walitupa kwa sharti moja: ni cha Wana wa Tope maadamu jina hilo lipo. Jina likifutwa, atakayewahi kukidai atakichukua. Nami watoto wangu wanalala humo. Je, mgeni ana habari?"

"Hayo mambo madogo," mgeni akajibu upesi.

"Basi tufahamiane. Kwenu dubu hulala wapi?"

"Kwenye barafu."

"Na mpira huchezewa wapi?"

"Juu ya barafu."

"Hamtelezi?"

"Tumezoea."

"Umeridhika, mdogo wangu?" Kiboko akauliza. "Shuka basi, unanitekenya."

Pimbi akakuna sikio. Majibu yale hayakuwa na kasoro, lakini pia hayakuwa na ushahidi. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumwona dubu, na anayejibu maswali ambayo majibu yake hayajulikani na yeyote hawezi kukosea. Ni lipi, akajiuliza, ambalo sisi tunalijua sana, na aliyetoka mbali hawezi kulijua?

"Nimeridhika kabisa," akasema kwa unyenyekevu. "Ila mdhamini anastahili kusimuliwa sifa za timu yake. Bwana Dubu, umewahi kutuona tukicheza?"

"Sijawahi. Nimefika jana."

"Pole sana! Umeikosa mechi yetu na watani wetu wa jadi, Nyani wa Majabali. Dakika za mwisho, Tembo alifunga kwa mkonga. Goli safi, kwa kuwa mkonga ni pua, na pua si mkono."

"Pua! Pua!" mashabiki wakapaza sauti, kama walivyofanya kila goli lile lilipotajwa.

Mgeni akaisukuma miwani yake juu.

"Refa alikuwa Mbuni," Pimbi akaendelea. "Alilikubali bila kusita, maana alikuwa akitazama vizuri."

Mgeni akajikuna shingo, kwaru-kwaru.

"Lakini waliotushangaza ni Nyani wenyewe. Kipa wao alikuja kutupa mkono wa pongezi. Akasema, 'Ndugu zangu, goli lile ni halali. Mmetuzidi.'"

"Mwongo!" Mgeni akaruka juu, tii! "Sikusema hivyo! Mkonga ni mkono! Anaokotea chakula, anaogea, anasalimia watu! Pua gani inayosalimia watu? Na yule Mbuni alikuwa akitazama ndege! Nilimlilia mpaka sauti ikanikauka!"

Mashabiki wote wakamgeukia.

Kiboko akavua kofia yake ya uenyekiti, akaivaa tena.

"Hukusema?" Pimbi akauliza polepole. "Ulimlilia refa? Wewe uliyefika jana?"

Tembo akanyoosha mkonga, akayavuta yale manyoya. Pwaa! Ngozi za kondoo zikaanguka, miwani ikafuata, na pale akabaki amesimama kipa wa Majabali, mkia nje.

"Kumbe mlikuwa mnakitaka kiwanja!" Nyati akafoka. "Na mimi nilikuwa nakaribia kukupigia kura, mjinga mimi!"

Nyani akatimua mbio, pu-pu-pu-pu! Alipofika juu ya mwamba akageuka, kwa kuwa hakuweza kujizuia.

"Lakini ulikuwa mkono!"

"Pua!" wakajibu wote kwa pamoja.

Pimbi peke yake hakuitikia. Alikuwa akiutazama mkonga wa Tembo, jinsi ulivyoikunja ile ngozi ya kondoo, ukaikung'uta vumbi, ukaitundika vizuri juu ya mlingoti wa goli.

Hadithi yangu imefika hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: ukitaka kumjua mgeni, usimuulize anakotoka, mtajie jambo linalomuuma.