Wali wa Tajiri, Sinia la Jirani

Hebu niambieni, mtu aliyejaliwa kila kitu, anakwenda kuazima nini kwa jirani? Mnacheka. Mmemsikia yule mama dukani akimtupia mwenye magari, "Wali wa tajiri, sinia la jirani," mkaja mbio kuniuliza asili yake. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Mtaani kwetu alikuwapo Bwana Mselemu, mwenye mashine za kukoboa mpunga, malori, na nyumba zote kuanzia msikitini hadi kisimani. Sisi wengine tulikuwa wapangaji wake. Kila alipoongeza ghorofa, nasi tulihamia chumba kidogo zaidi. Mwaka huo alikuwa akimwoza binti yake, na aliwaalika wakubwa kutoka mjini.

Sasa, harusi zetu hazikupikwa na watu wa kulipwa. Walipika wanawake wa mtaa. Kila mmoja alikuja na mbuzi yake ya kukunia nazi, kisu chake na sinia lake, maana hakuna nyumba moja yenye masinia arobaini, hata ya tajiri. Masinia yalitiwa alama kwa chini yasipotee. Langu lilikuwa na vitone viwili vya rangi ya bluu. La Bi Mwanakheri, mpishi mkuu, lilichorwa nyota kwa msumari. Na ada ilikuwa moja: wali ukiiva, sinia la kwanza ni la wapishi. Wakishakula wao, ndipo wageni wapelekewe.

Bi Mwanakheri alikuwa mjane mwenye watoto wanne, akilala nao katika chumba kimoja cha Bwana Mselemu. Siku ile tulianza kukuna nazi kabla ya jua kutoka. Mimi nilikuwa na mimba ya baba yenu, mgongo ukiniuma, nikingojea hilo sinia la kwanza kama mtu anayengojea mwezi wa Idi.

Pilau ilipoiva, akaja msimamizi wa shughuli.

"Bwana amesema wali wote na nyama yote viende kwa wageni. Ninyi mtakwangua ukoko. Na mtatokea mlango wa nyuma, mfungue kanga mkaguliwe, isije nyama ikatoka na mtu."

"Mtukague na macho basi," akasema Bi Tausi, ambaye mdomo wake haukuwa na kizuizi, "maana hiyo nyama tumeitazama tangu asubuhi!"

Tulicheka. Bi Mwanakheri hakucheka. Alilichukua sinia lake la nyota, akalifudikiza chini, akalikalia. Nami nikalikalia langu. Bi Tausi naye. Aliyeleta mawili aliyapandanisha, akakaa juu kama malkia. Punde uani hapakubaki sinia lisilokaliwa.

Ndani, wageni walikuwa wameshanawa, mikono imewakauka. Bwana Mselemu akatoka mwenyewe, joho likimpepea.

"Kuna nini hapa? Pakueni!"

"Wali huo hapo, bwana," akasema Bi Mwanakheri. "Pakua."

"Nipakulie kwenye nini?"

"Hata sisi tunajiuliza," akadakia Bi Tausi.

"Mwanakheri! Wali ni wangu, nyama ni yangu, hata chumba unacholala ni changu. Kesho nitakutolea vitu nje!"

Nilikuwa ubavuni pa Bi Mwanakheri. Alijiweka sawa juu ya sinia lake, akamjibu bila kuinuka.

"Chumba ni chako. Mashine ni zako pia, ingawa mpunga tuliulima sisi. Basi wali uwe wa tajiri, bwana. Lakini sinia la jirani."

Mzee mmoja katika wageni, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaangua kicheko. "Umesikia? Wali wa tajiri, sinia la jirani!" Neno hilo likapokewa mkekani, likafika hadi kwa wakwe, likarudi uani likiwa limekwisha kuwa methali.

Bwana Mselemu akateremsha sauti.

"Basi, inuka. Nakusamehe kodi ya mwaka mzima."

Mwaka mzima, wajukuu zangu! Sote tuligeuka kumtazama. Nadhani mimi ningeinuka.

"Sitaki."

"Chukua paja zima la ng'ombe, ukawapikie wanao."

"Sitaki."

"Sasa unataka nini, wewe mwanamke?"

Bi Mwanakheri akasimama, akalitia sinia lake kwapani, akamtazama usoni.

"Miaka kumi na minane napika shughuli za nyumba hii, na ukumbi wake siujui. Nataka tuingie sote kwa mlango wa mbele, tukae mkekani na wageni wako. Halafu uchukue birika, kwa mkono wako mwenyewe, uninawishe."