Gari Lililotazama Bondeni

Wahenga waliposema "kawia ufike" hawakuwa wakiwasifu wavivu. Walimfikiria mtu mwenye safari ya kweli, ambaye moyo wake umeshatangulia kule aendako, wakamwambia afadhali achelewe njiani kuliko asifike kabisa. Ni ushauri rahisi kumpa mtu asiye na haraka. Kwa Theodory Sulle wa Endagikot, wilayani Mbulu, ambaye mkewe alikuwa anapoteza macho, ulikuwa mchungu kama shubiri.

Theodory alikuwa dereva mstaafu. Ujana wake wote aliumaliza akiwaendesha wakubwa wa mjini Mbulu. Alipostaafu, wakati watu bado wanajizoeza kuandika mkoa mpya wa "Manyara" kwenye bahasha badala ya "Arusha", alinunua Kombi kuukuu kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa gari la ajabu. Ndani mlikuwa na kitanda, kabati, meza ya kukunja na mapazia ya maua. Majirani waliliita nyumba ya magurudumu, na wapo waliouliza kwa kejeli kama mzee amefukuzwa chumbani kwake. Theodory alicheka pamoja nao. Hakuwaambia kwamba gari lile alilinunua kwa ajili ya mlima.

Mkewe, Genoveva, alizaliwa Balangdalalu, kule chini kwenye uwanda wa Hanang. Aliolewa, akapandishwa Mbulu kwenye baridi na ukungu, akazaa, akalima, akazeeka huko. Wazazi wake walifariki, kaka zake wakahamia Kiteto, nyumba ya kwao ikaanguka. Hakubaki mtu wa kumpokea. Hata hivyo, kila alipokaa kuchagua maharage, mazungumzo yake yalirudi kwenye mlima Hanang: jinsi alivyokuwa akitoka nje asubuhi akiwa mtoto na kuukuta umesimama peke yake mbele ya mlango, jua likitokea nyuma yake.

"Hapa kwenu milima ni mingi mpaka hakuna mlima," alizoea kumtania mumewe, na Theodory alijua kwamba haukuwa utani mtupu.

Ndipo macho yalipoanza kumsaliti. Daktari alisema ni presha ya macho. Alimpa dawa ya matone, akamweleza bila kuficha kwamba dawa ingechelewesha giza tu. Uoni wake ungeendelea kusinyaa kutoka pembeni kuja katikati, mpaka siku moja uzibe. Genoveva mwenyewe alisema ni kama kuchungulia ulimwengu kupitia mwanzi.

"Baba Oliva," alimwambia mumewe jioni moja, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "kabla mwanzi haujaziba, nataka niamke Balangdalalu. Sitaki kupita na basi nikachungulia dirishani. Nataka nilale pale petu, niamke, niuone mlima wangu."

Theodory aliwaza. Miaka yote ile alikuwa amewafikisha watu wa watu wanakotaka, ilhali mkewe mwenyewe hakuwahi kumfikisha kwao.

Kikwazo kilikuwa taa. Jua likishatua, Genoveva hakuona hata mkono wake bila mwanga mkali, na moshi wa koroboi ulimtoa machozi usiku kucha. Nyumba ya magurudumu ilihitaji umeme. Theodory akaenda mjini kwa Seifu, mfanyabiashara aliyeuza redio, baiskeli na, tangu bidhaa za nje zilipoanza kufurika madukani, paneli za sola.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Seifu. Nataka sola ya kufunga kwenye gari. Leo."

"Paneli ninayo, mzee wangu. Lakini betri yake na kontrola ya kuongoza chaji vinatoka Arusha. Vuta subira kidogo, vinakuja na basi."

"Betri ya nini tena? Gari lina betri."

"Ile ni ya kuwashia injini, mzee. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa mara moja, basi. Betri ya sola inatoa kidogokidogo, jioni mpaka asubuhi. Ukiwasha taa kwa betri ya gari, asubuhi gari halitaamka."

Theodory alicheka kicheko cha mtu aliyezeeka kwenye usukani. "Kijana, mimi nimeendesha magari hujazaliwa. Likikataa kuamka, naachia breki. Mteremko utaliamsha."

Hapo alisema lililo kweli kwa dereva yeyote wa Mbulu. Katika milima ile, gari hulala limetazama bondeni. Betri ikifa, dereva hutia gea ya pili, hukanyaga klachi, huliacha gari lijiporomokee, kisha huachia klachi na injini ikakohoa na kuwaka. Theodory alilifanya hilo maisha yake yote, hata mikono yake ikasahau kwamba yapo magari yanayowashwa kwa ufunguo. Mteremko ulikuwa fundi wake, na hakuwahi kuudai risiti.

Basi akaichukua paneli peke yake. Akaifunga juu ya Kombi kwa kamba ya katani, akapitisha nyaya dirishani, akaziunganisha moja kwa moja na betri ya gari. Taa ikawaka. Genoveva akapiga makofi kama mtoto. Kesho yake waliondoka, wakapita Dongobesh, wakateremka Dareda, wakaipita Katesh jua likiwa linaelekea kuzama. Vumbi na mawingu vilikuwa vimefunika kila kitu upande wa mlima.

Giza liliwakuta uwandani, wakiwa hawajafika Balangdalalu. Theodory akaegesha kando ya njia. Waliwasha taa, wakala kande kwenye meza ya kukunja, wakasikiliza redio. Genoveva alifungua dirisha akavuta hewa ndefu.

"Nanusa kwetu," alisema, na machozi yakamtoka. "Udongo wetu unanukia hivi ukipata umande. Kesho, Baba Oliva! Kesho!"

Kwa kuwa furaha ile ilimpendeza, Theodory hakuwa na moyo wa kuzima taa. Walipitiwa na usingizi taa ikiwaka na redio ikiimba.

Asubuhi alizungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, gari likatoa mlio mdogo wa "tik" na kunyamaza. Theodory hakushtuka. Alitia gea ya pili, akakanyaga klachi, akaachia breki, akangoja.

Gari halikusogea hata chembe.

Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza akaitazama nchi aliyoegesha. Ardhi ilikuwa imelala sawasawa kama sinia, mbele, nyuma, kushoto na kulia. Hapakuwa na mteremko wa kuliporomosha gari; hata chungwa lingetulia pale. Dereva wa milimani alikuwa amekuja uwandani na ujanja wa milimani.

Wachungaji waliopita na ng'ombe walijaribu kusukuma, lakini magurudumu yalididimia kwenye udongo mweusi wa mbuga. Jua likapanda, ndani ya gari kukawa tanuri, na Genoveva akaumwa kichwa mpaka akatapika. Alasiri likapita trekta la shamba la ngano. Lilikuwa linakwenda Katesh, ndiko kulikokuwa na fundi na zahanati. Likawavuta kuwarudisha nyuma.

Genoveva alikaa kwenye kiti cha mbele uso ameugeuzia kule walikokuwa wakienda. Hakulaumu. 

Fundi wa Katesh aliichaji betri, lakini kwa kuwa Genoveva alikuwa bado anaumwa, walirudi nyumbani, na huko Theodory hakutulia. Alitaka wageuze siku ileile. "Macho yako hayasubiri," alisema.

"Macho hayasubiri, lakini mimi nasubiri," alijibu Genoveva. "Kiu hii ninayo tangu nilipokuja kwako kama bibi harusi. Haikuniua. Nenda kwa Seifu, kaa chini, msikilize. Safari hii nataka kufika."

Seifu hakumcheka, na hilo lilimuumiza Theodory zaidi kuliko kama angemcheka. Alikuja mwenyewe Endagikot na vifaa. Aliifungua ile kamba ya katani, akaifunga paneli kwa vyuma na boliti, akaacha nafasi chini yake ili hewa ipite. Tundu la nyaya aliliziba kwa silikoni ili mvua isipenye. Chini ya kitanda aliweka betri ya sola ndani ya sanduku lenye matundu. Waya wa paneli ukaingia kwenye kontrola, wa kontrola ukaenda kwenye betri kupitia fyuzi, na taa zikachukua umeme wake hapo. Betri ya injini aliiacha peke yake.

"Kila betri na kazi yake, mzee," alisema akifuta mikono. "Sasa liache juani. Taa hii ya kontrola ni nyekundu. Ikigeuka kijani, betri imeshiba, nendeni popote. Kabla ya hapo, msitoke."

Kungoja huko ndiko kulikokuwa mtihani. Ulikuwa msimu wa ukungu, ule ambao jua la Mbulu huamka likiwa limejifunika blanketi na kulala mapema. Theodory alilipandisha Kombi mpaka kilimani karibu na kanisa, ambako ukungu huondoka mapema. Kila jioni alifungua mlango akachungulia. Nyekundu. Na kila jioni mwanzi wa Genoveva ulizidi kuwa mwembamba. Alianza kuacha vijiwe kwenye maharage. Siku moja alinyoosha mkono kuchukua kikombe kilichokuwa mbele yake, akashika hewa.

Theodory alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba akalia. Alirudi na ufunguo mkononi. "Twende kesho. Itajaa njiani."

"Kijani?" aliuliza Genoveva.

"Bado."

"Basi bado." Alikitafuta kikombe kwa vidole mpaka akakipata. "Wewe uliwahi kunikimbiza, Baba Oliva. Mara hii nifikishe."

Ilipogeuka kijani, Theodory alikuwa ameacha kuyaamini macho yake. Alimwita Seifu aje aishuhudie.

Waliondoka alfajiri, wakafika Balangdalalu mchana. Nyumba ya kina Genoveva haikuwapo, lakini ua wa minyaa aliopanda baba yake ulikuwa umesimama, umerefuka, ukizunguka kiwanja kitupu. Mjane aliyelima jirani, Perpetua, aliwakaribisha kwa kibuyu cha maziwa, akasema wakae watakavyo. Theodory aliegesha gari mahali palepale ulipokuwa mlango, likitazama mashariki. Mlima haukuwapo. Wingu zito lilikuwa limekaa juu yake kama kuku anayeatamia.

Kesho yake lilikuwa bado limekaa. Theodory alizunguka gari huku akiuma kucha. Kama wangetegemea betri ya gari peke yake, wangekuwa wameshageuza, wamerudi Mbulu na wingu moyoni. Lakini jua la uwandani lilimimina umeme kutwa nzima, naye kila alasiri alipanda akaipangusa paneli vumbi. Jioni taa iliwaka bila moshi, Perpetua akaja na mashuka yake kushona kwenye mwanga, na Genoveva akamwonyesha palipokuwa jiko la mama yake, zizi la ndama, na jiwe alilokuwa akikalia kusubiri baba arudi mnadani. Aliyaonyesha yote kwa kidole bila kukosea, ingawa mengi hakuyaona.

"Na wingu likikaa wiki?" Theodory alimnong'oneza.

"Taa inawaka?"

"Inawaka."

"Basi na sisi tutakaa."

Asubuhi iliyofuata Theodory aliamshwa na ubaridi wa mlango ulioachwa wazi. Genoveva alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha gari, miguu ikigusa udongo wa kwao, shuka mabegani. Wingu lilikuwa limeondoka lote. Mlima Hanang ulisimama peke yake mbele ya mlango, mweusi, ukingo wake ukianza kuwaka dhahabu kwa jua lililokuwa likipanda nyuma yake.

Uoni uliobaki haukutosha kuuona wote kwa pamoja. Alianza chini upande wa kushoto, akaugeuza uso polepole akipanda nao, mpaka kileleni, akatua hapo kidogo, kisha akateremka upande wa pili. Alipomaliza alianza tena. Theodory alikaa kando yake.

"Haujazeeka," alisema Genoveva hatimaye. "Mimi nimezeeka, wenyewe haujazeeka." Kisha akamgeukia mumewe, akauleta mwanzi wake usoni pake, akamtazama hivyohivyo, kuanzia kidevuni mpaka mvi. "Na wewe nikuone vizuri. Nitawaweka pamoja moyoni, wewe na mlima."

Waliondoka baada ya siku kadhaa. Theodory alizungusha ufunguo kwenye ule uwanda usio na mteremko hata wa kuliporomosha chungwa, na injini ikawaka mara moja.

Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta Genoveva akiwa gizani kabisa. Hata hivyo, mtu akimkuta jikoni akichagua maharage kwa vidole na kumuuliza habari za kwao, hueleza mlima wake kuanzia kushoto mpaka kulia, na wanaoujua huapa kwamba hakosei. Theodory husikiliza akiwa mlangoni. Na akikumbuka jinsi alivyotaka kukimbia, hutikisa kichwa na kukiri moyoni kwamba waliosema hawakukosea: kawia ufike.