Mtungi wa Tende za Ridhaa

Amri ya Kupima Ridhaa ya Wasikilizaji wa Hadithi za Alasiri kwa Njia ya Tende: hilo ndilo lilikuwa jina kamili la jambo lenyewe, na mpiga mbiu alipolitangaza ilimbidi apumzike katikati.

Hapo zamani, katika mji wa Kirambo, Sultani Hemedi alikuwa na desturi ya kuwakusanya raia katika ua wa jumba lake baada ya sala ya alasiri, wasikilize hadithi. Waziri Shaali, mtu asiyeweza kuona watu wakicheka bila kutaka kujua wamecheka kiasi gani, ndiye aliyebuni amri hiyo. Kila msikilizaji apewe tende moja mlangoni, asiile mpaka hadithi iishe. Ikimpendeza, atie tende mtungini. Isipompendeza, aondoke nayo. Kuitupa ni kosa la bakora, kwa kuwa ni mali ya Sultani. Na msimulizi atakayeambulia mtungi mwepesi atahama mji.

Basi ikawa mitungi yote ni myepesi. Watu walicheka, walilia, walimshika msimulizi mkono, kisha wakaenda zao wakitafuna. Wasimulizi nao wakabadilika. Wengine walikatisha hadithi shujaa akiwa bado kisimani, wengine hawakusimulia tena, wakawa wanaomba tu: "Ndugu zangu, kabla hamjaondoka, msinisahau kwa tende." Nao wakahama, mmoja baada ya mwingine.

Siku moja Sultani mwenyewe akasimulia, hadithi ndefu juu ya ushujaa wake. Watu wakamsifu sana. Mtungi ulipopinduliwa ikadondoka kokwa moja tu ya tende. Watu wote wakainamisha vichwa, ila Machano, msimulizi fukara aliyekuwa amebaki peke yake mjini, akacheka.

"Unacheka nini, Machano?"

"Nimefurahi, Bwana wangu. Huyu angalau amegawana nawe."

Sultani akaghadhibika. Akaamuru Machano asimulie Ijumaa, na tende zote ziingie mtungini, isikosekane hata moja. La sivyo ahame kabla jua halijatua. Mkewe, Bi Mwanaidi, alianza kufunga vyombo siku ile ile, maana aliwajua majirani zake na tende. Machano akamwomba asifunge kwanza sufuria.

Ijumaa ilipofika, ua ulijaa. Machano akaketi, akaanza kwa upole. Palikuwa na panya, akasema, mgonjwa wa tumbo, aliyehamia katika kikapu cha tende ndani ya ghala la mfalme mmoja. Akaeleza panya alivyolala humo, alivyozaa humo, alivyoharisha humo, na jinsi tende zilivyozidi kung'aa. Hakuwa na haraka. Akamleta na mume wa panya, mwenye upele. Wanawake wakajiziba pua kwa ushungi, na waliokuwa wamezifumbata tende zao sasa wakazishika kwa ncha za vidole.

"Na hapo," akasema Machano, "ndipo hadithi yangu inapoishia. Haya, tende zenu hizo, kuleni kwa raha."

Watu wakakanyagana kuufikia mtungi. Askari wa mlangoni wakatia zao, waziri akatia yake, na Sultani, aliyepewa tende kwa ajili ya heshima, akanyoosha mkono huku akiangalia pembeni. Msimamizi wa mtungi akahesabu, ikawa sawasawa na vichwa.

Waziri akapinga. "Bwana wangu, hawa hawakuipenda. Yule bibi kizee bado anatema mate."

"Bwana wangu," akasema Machano, "amri ya waziri haiulizi mtu ana nini moyoni. Inauliza tende iko wapi. Nawe yako imo mtungini."

Sultani akainama kumwelekea. "Hebu niambie kweli. Ghalani mwangu mna panya?"

"Ile ni hadithi tu, Bwana wangu. Tende zako ni safi kabisa."

Hapo Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. "Basi waziri atazila," akasema. "Zote. Ni furaha ya raia hiyo, haifai ipotee."

Waziri Shaali akala, macho kayafumba. Machano akavishwa joho, amri ikafutwa, na wasimulizi waliohama wakaitwa warudi. Lakini utaratibu ni utaratibu, na kabla amri haijafutwa mpiga mbiu alizunguka mji mzima kutangaza hesabu ya mtungi, kwamba haijapata kusimuliwa Kirambo hadithi iliyowaridhisha watu kama ile ya panya.

Watu walikuwa wamechefukwa.