Kiboko na Makosa Themanini na Saba

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa bwawa.
— Lenye maji?
— Lenye maji, na majani ukingoni, na mashine moja kibandani.
— Mashine yenyewe inasaga nini?
— Inasaga hesabu. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale, ila si kale sana, Kiboko alikaa kwenye bwawa la Lumbira. Mchana alilala majini. Jioni alipanda ukingoni akala majani, nywa-nywa-nywa, mpaka ukingo ukabaki udongo. Waliokuja baada yake walitazama udongo, wakarudi makwao na njaa.

Kiboko alikuwa na kazi pia. Alilinda programu ya bwawa. Programu hiyo aliiandika marehemu Kobe, kwa Fortran, lugha ya mashine ya enzi zake mwenyewe. Ilikuwa na mafaili mawili. Faili la mvua lilisema maji yatapanda mpaka wapi, ili wenye mashimo wahame mapema. Faili la malango lilisema maji yafunguliwe lini.

Mlangoni pa mashine alikaa Kompaila. Kompaila hana sura, ana sauti tu. Kazi yake ni kusoma programu mstari kwa mstari kabla mashine haijaipokea. Krr-krr-krr, anasoma. Akikuta kosa, tii! anakataa. Kisha karatasi inatoka, chra-chra-chra, yenye orodha ya makosa.

Faili la mvua Chifu Tembo alikataza lisifutwe hata nukta. Faili la malango lilikuwa mikononi mwa Kiboko miaka saba, na humo Kiboko alikuwa na dawa moja. Kompaila akilalamikia mstari, Kiboko aliufuta mstari. Mstari haupo, lalamiko halipo. Hakumwuliza Kompaila mara ya pili. Alirudi majini, na mashine ikaendelea na nakala ya zamani.

Siku moja Pimbi alishuka kutoka majabalini kutafuta majani. Hakuyakuta. Akachungulia kibandani, akasoma karatasi, akatia koma moja kwenye faili la mvua. Koma hiyo ilikuwa imemshinda Kiboko siku tatu. Kompaila akanyamaza. Habari zikaenea.

Ugonjwa wa Kiboko ulianza hapo.

Asubuhi iliyofuata Ngiri alipita. "Shikamoo, Bi Pimbi," alisema. Kisha ndipo akasema, "Shikamoo, Baba Kiboko." Kiboko aliusikia mpangilio huo. Hakuitika. Siku ya pili alipita Kanga na vifaranga wake: Pimbi kwanza, Kiboko baadaye. Siku ya tatu Nyani hakumsalimu Kiboko kabisa. Alikuwa anacheka na Pimbi.

Kiboko akazama akahesabu. Watatu.

"Hana hata mkia," alijisemea, bubu-bubu-bubu, mapovu yakapanda juu. "Hana mkia, na anasalimiwa."

Mwezi ule mto mpya ulianza kuingia bwawani, na programu ilibidi iongezwe. Masika yalikuwa bado miezi miwili. Chifu Tembo akaita kikao mbele ya kibanda. Akaweka kigoda cha Kobe katikati. Tangu Kobe afe, kigoda hicho hakikukabidhiwa mtu.

"Kati ya Kiboko na Pimbi, atakayesahihisha makosa mengi kuliko mwenzake, kigoda ni chake," alisema Tembo. "Ila sheria ya Kobe ipo. Mwenye kosa hainuki. Ukishasema kosa hili ni langu, hutoki kibandani mpaka liishe."

"Na nikitaka kujimwagia maji?" aliuliza Kiboko.

"Mashine na maji havilali nyumba moja. Unajua."

Kiboko alikitazama kigoda. Alimwona Pimbi naye anakitazama. Basi akakitaka zaidi.

Tembo akaongeza mistari ya mto mpya kwenye faili la mvua, kwa ncha ya mkonga. Krr-krr-krr. Tii! Chra-chra-chra. Makosa themanini na saba.

"Tugawane," alisema Pimbi. "Wewe baba ndiye mkubwa. Chagua."

"Themanini na sita yangu."

"Baba! Unaniachia moja?"

"Hilo la juu. Fupi kama wewe."

La juu lilisema: Mstari wa kumi na mbili umekatika. Yaliyobaki yote yalisema: Simjui MVUA. Simjui MTO. Simjui KINA. Simjui MVUA. Na kadhalika hadi mwisho wa karatasi.

Kiboko akaivaa karatasi shingoni, akatoa kichwa dirishani ili wapitao waione.

"Baba Kiboko, nini hicho?" aliuliza Ngiri.

"Makosa yangu."

"Yote hayo?"

"Yote."

"Hongera, baba."

Kiboko alisikia raha kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Pimbi aliutazama mstari wa kumi na mbili. Huo ndio mstari uliomtambulisha Kompaila kwa MVUA, MTO na KINA. Lakini Kompaila yule ni wa kizamani. Husoma kila mstari mpaka safu ya sabini na mbili, yaani nafasi ya herufi ya sabini na mbili; kinachozidi hapo hakioni. Mkonga wa Tembo ni mrefu, ulikuwa umepitiliza. KINA alianguka nje ya mpaka, mstari ukaishia kwenye koma, na Kompaila akautupa wote.

Pimbi alimshusha KINA mstari wa chini, akatia alama ya mwendelezo katika safu ya sita. Krr-krr-krr. Kimya. Karatasi ikatoka, fupi: Makosa hakuna.

Kiboko aligeuka, karatasi yake ikiwa bado shingoni.

"Yangu yako wapi?"

"Yale yalikuwa wafiwa tu, baba," alisema Pimbi. "Aliyekufa alikuwa mmoja. Nimemfufua, matanga yamekwisha."

"Mwizi! Chifu, nimeibiwa! Themanini na sita!"

Tembo alifikiri. "Nimeamua kesi za wizi wa mahindi," alisema. "Nimeamua kesi za wizi wa mayai. Wizi wa makosa ndio kwanza nausikia leo. Pimbi moja, Kiboko bila. Kesho tunafungua faili la malango. Baada ya hapo kigoda kinapata mtu."

Kiboko alirudi majini bila kula. Alikuwa ameelewa. Siri iko kwenye kosa la kwanza. Pimbi alijua, akanyamaza, akamwachia wafiwa. "Kesho la kwanza ni langu," alisema, bubu-bubu. "Na ukoo wake wote."

Asubuhi Pimbi aliwahi. Akamkuta Kiboko amemtangulia.

Krr. Tii! Kosa moja tu: Mstari wa tatu, mabano hayajafungwa. Siendelei.

"Langu!" alisema Kiboko.

"Chukua, baba. Ila nikushauri..."

"Sitaki. La kwanza ni langu, na yatakayotoka nyuma yake ni yangu. Wafiwa na maiti, jeneza na mkeka."

"Baba, nimelichungulia faili hili. Nyuma ya mstari wa tatu kuna mengi. Na hao si wafiwa. Kila mmoja ana maiti yake."

Kiboko alimtazama. Alivyojua yeye, mtu hamwonyi mwenzake juu ya kitu kibaya. Humwonya juu ya kitu anachokitaka mwenyewe.

"Chifu, andika," alisema.

"Yote?"

"Yote."

"Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu na la baba yangu."

Tembo akaandika. Kiboko akafunga mabano. Aliyafunga sawasawa; hilo tumpe haki yake. Kompaila akapita mstari wa tatu, akaingia ndani alikokuwa hajafika siku nyingi. Krr-krr-krr. Krr-krr-krr. Tii! Tii! Tii! Chra-chra-chra-chra. Karatasi ikafika miguuni mwa Kiboko. Ikafika mlangoni. Ikatoka nje, vifaranga wa Kanga wakaikanyaga.

Mstari wa tisa: mzunguko umeanza, mwisho wake siuoni. Mstari wa kumi na tano: sharti limefunguliwa, la kulifunga silioni. Makosa mia mbili na kumi na mawili, na kila moja liko pale Kiboko alipowahi kufuta. Aliyatambua kama mtu anavyotambua nyayo zake kwenye tope.

"Mia mbili na kumi na tatu kwa moja," alitangaza Tembo. "Akiyamaliza, Kiboko atakuwa ameshinda. Keti, mzee."

Wanyama wakapiga makofi. Ngiri akasogea mbele. "Shikamoo, Baba Kiboko," alisema, kisha ndipo akasema, "Shikamoo, Bi Pimbi."

Kigoda kikaingizwa kibandani, Kiboko akaketi. Kigoda kikalia kwii. Alikaa hapo mpaka jua likawa kali, akiitikia salamu. Kisha akainuka aende majini.

Mkonga ukamgusa begani. "Mwenye kosa hainuki."

Akaketi tena. Siku ya kwanza alisahihisha makosa mawili. Siku ya pili, matatu. Siku ya tatu moja, na likaleta mengine mawili. Ngozi ikaanza kumpasuka, ta, ta, ta. Akaomba ndoo ya maji. Akaonyeshwa mashine.

Huko nje hakukuwa na wa kuumaliza ukingo. Majani yakaota, yakafika magotini. Pimbi akashuka kutoka majabalini na jamaa zake kumi na saba, wakala, wakaota jua. Nywa-nywa-nywa. Kiboko aliisikia sauti hiyo dirishani. Ilikuwa sauti yake, kinywani mwa mwingine.

"Shikamoo, mwenye kigoda!" aliita Pimbi, mdomo umejaa.

"Marahaba." Kiboko akatoa kichwa dirishani. "Pimbi, majani hayo ni matamu?"

"Si sana, baba. Kigoda je?"

"Kitamu," alisema Kiboko. "Kitamu sana."

Akageukia karatasi. Hakuisoma. Alikuwa anahesabu waliosimama ukingoni kumsalimu Pimbi. Siku hiyo walikuwa tisa.

Basi shikeni funzo, wanangu. Wivu ni kitu chema. Bila wivu Kiboko asingepata kigoda. Mkiambiwa mchague, chukueni kilicho kingi. Mkionywa, zibeni masikio. Na mstari ukiwasumbua, ufuteni.

— Imekwisha?
— Yangu imekwisha. Ya Kiboko bado. Yamebaki mia moja na themanini.